Maswali ya Wasomaji: Shehena ya Mafuta Hupimwaje Melini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeajiriwa karibuni kuwa karani katika bohari moja ya mafuta huku Kigamboni. Meli ya kwanza niliyoshuhudia ilipomaliza kupakua dizeli, hesabu ya meli na hesabu ya matangi yetu hazikulingana, na wenzangu wakasema moja kwa moja kwamba mabaharia wamechota. Naomba unieleze hesabu ya melini hufanywaje, na kama tofauti ya namna hiyo ni lazima iwe wizi. – Karani, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu Karani, wizi wa mafuta upo wala hatuukani, lakini kabla ya kumshuku baharia kishuku kwanza kipimajoto. Shehena ya maelfu ya tani haiwekwi kwenye mizani. Uzito wake hukokotolewa kutokana na nafasi iliyobaki wazi ndani ya tangi, jotoridi na densiti ya mafuta (uzito wake kwa kila kipimo cha ujazo), na kosa dogo katika kimojawapo huzaa tani nyingi za uongo.

Kila tangi la meli lina tundu la kupimia lenye alama ya rejea. Mkaguzi, akiwa pamoja na afisa mkuu wa meli na wawakilishi wa pande zinazohusika, huteremsha utepe wa kielektroni kupitia vali maalumu, kwa kuwa katika meli nyingi matangi hujazwa gesi isiyosaidia moto na hayafunguliwi ovyo. Ncha ya utepe ikigusa mafuta, kifaa hulia, na mkaguzi husoma nafasi tupu kati ya alama na uso wa mafuta. Utepe huohuo ukizidi kuteremshwa, mlio hubadilika unapofika kwenye maji yaliyotuama chini, na maji hayo hutolewa katika hesabu.

Kipimo hicho bado si ujazo. Kila meli ina vitabu vya majedwali vinavyoonyesha, tangi kwa tangi, nafasi tupu ya kiasi fulani ni sawa na mita ngapi za ujazo. Majedwali huchukulia kwamba meli imekaa sawa, hali ambayo ni nadra wakati wa kupakua. Tuseme meli yenye urefu wa mita 180 imezama mita 2 zaidi upande wa tezi (nyuma) kuliko upande wa omo (mbele), na tundu la kupimia liko mita 6 nyuma ya katikati ya tangi. Kwa kuwa mafuta hubaki mlalo hata meli ikiinama, uso wake mahali pa tundu utaonekana kuwa juu kwa karibu sentimita 7. Tangi likiwa na eneo la mita za mraba 300, hizo ni mita za ujazo 20 ambazo hazipo. Ndiyo maana marekebisho ya mwinamo wa kwenda tezi, na ya kulalia ubavu, hufanywa kabla ya kusoma ujazo.

Sasa jotoridi, ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha magomvi mengi kuliko pampu na mabomba yote. Mafuta hutanuka yakipata joto, hivyo ujazo uliopimwa hurejeshwa kwenye ujazo ambao yangekuwa nao katika nyuzi 15 za Selsiasi, kwa kuzidisha kigezo kinachopatikana katika majedwali ya ASTM, shirika la viwango la Marekani. Chukua tangi ambalo, baada ya marekebisho ya mwinamo, lina mita za ujazo 5,012, na ndani yake maji ni 12. Mafuta ni 5,000, jotoridi ni nyuzi 30, na densiti ya dizeli hiyo katika nyuzi 15 ni tani 0.8400 kwa kila mita ya ujazo. Kigezo chake ni 0.9873, kwa hiyo ujazo sanifu, yaani wa nyuzi 15, ni mita za ujazo 4,936.5. Densiti hupunguzwa 0.0011 kwa kuwa hewa huyainua mafuta kidogo, tukabaki na 0.8389, na tangi likatoa tani 4,141.2. Mtu aliyezidisha 5,000 kwa 0.84 bila kujali joto wala hewa angeandika tani 4,200, kisha akaanza kuwatafuta wezi wa tani 59 ambazo hazikuwahi kupakiwa.

Kosa la nyuzi moja tu katika tangi hilo huleta tofauti ya zaidi ya mita 4 za ujazo. Kwa hiyo ulizia kama jotoridi lilipimwa juu, katikati na chini ya tangi, au mtu alichovya mara moja akaridhika.

Kuhusu kutolingana na bohari: matangi ya nchi kavu nayo yana majedwali yake na makosa yake, tena kuna bomba katikati. Meli inapopakua kwenye boya lililo baharini kule Mjimwema, mafuta hupita kwenye bomba refu la chini ya bahari. Kama bomba halikuwa limejaa sawasawa mwanzo na mwisho, sehemu ya shehena yako imo humo. Zaidi ya hayo, kila meli ina tabia yake ya kuzidisha au kupunguza. Wakaguzi hulinganisha hesabu za meli na za nchi kavu katika safari zilizopita, wakaacha safari zilizopotoka mno, na kupata uwiano wa wastani. Uwiano ukiwa 1.0020 na meli ikadai tani 30,060, makadirio ya haki ni tani 30,000. Tofauti ikibaki kubwa baada ya kuzingatia yote haya, hasa ikipita nusu asilimia, ambayo kwa muda mrefu imekuwa mpaka wa mazoea katika biashara hii, hapo una sababu ya kudai maelezo kwa maandishi.

SWALI: Kwa nini nyuzi 15, wakati Mombasa hatuzioni kamwe? – Mwanafunzi wa ubaharia, Mombasa

JIBU: Ni makubaliano tu, mwanangu. Muuzaji wa Ghuba na mnunuzi wa Mombasa wanahitaji jotoridi moja la kulinganishia, na lolote lingefaa. Wamarekani hutumia nyuzi 60 za Farenhaiti, ambazo ni karibu 15.6 za Selsiasi, wanapohesabu mapipa, nako Urusi na China zimezoea nyuzi 20. Kinachodhuru ni kuchanganya: densiti ya nyuzi 20 ikiingizwa katika jedwali la nyuzi 15, hesabu nzima huharibika huku kila tarakimu ikionekana safi.

SWALI: Nimekuta hati moja imeandika tani za hewani na nyingine tani za ombweni, yaani pasipo hewa. Ipi sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Zote mbili. Hewa huyainua mafuta kidogo, hivyo hewani huonekana mepesi kuliko ombweni, na ile 0.0011 tuliyoitoa hapo juu ndiyo tofauti yenyewe, yaani kilo 1.1 kwa kila mita ya ujazo. Katika tangi la mfano wetu ni tani 5.4. Soma mkataba uone umetaja tani zipi, kisha hakikisha hati ya shehena na ripoti ya upakuaji zinatumia zilezile.