Kulipia SHA si kupata dawa ya himofilia

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 huvimba goti bila kuanguka, na aking'oka jino damu hutoka siku nzima. Hospitalini waliniambia huenda ni himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Nimelipa SHA, bima ya afya ya serikali, ya mwaka mzima lakini dawa sipati. Kijana wa saiba (duka la intaneti) anataka shilingi 4,000 "aingize ugonjwa kwenye mfumo". Nimpe? – Mama, Kakamega

JIBU: Usimpe hata ndururu, mama, wala usimsomee msimbo unaoingia kwenye simu yako. Kujisajili SHA ni bure kwa *147#, na ugonjwa hauandikwi saiba. Huandikwa na daktari, naye huandika kilichopimwa.

Hapo ndipo ninapochoka. Kila wiki naletewa risiti ya SHA kana kwamba ndiyo dawa, ilhali mtoto hajapimwa. "Huenda ni himofilia" haitibiki. Fakta ni protini za kugandisha damu: himofilia A ni upungufu wa fakta 8, B ni wa fakta 9. Dawa ya moja haifai nyingine, na dozi hukokotolewa kwa kilo za mtoto. Tena, sehemu kubwa ya dawa hizo nchini ni msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani, unaopitia vituo vinavyojua wagonjwa wao. Bima inaweza kulipia kitanda na friji ya famasi ikawa tupu. Omba rufaa kwenda Hospitali ya Moi, Eldoret, iliyo na kliniki ya himofilia. Apimwe muda wa damu kuganda, kisha kiwango cha fakta. Ukirudi na majibu hayo, hata kubishana na bima utakuwa na la kushika mkononi.

Hizo 4,000 ni hasara ndogo. Kubwa ni goti. Wapo wanaolikanda kwa mafuta ya moto, wapo wanaolichanja, na duka la dawa halikosi mtu wa kumdunga mtoto dikilofenaki, dawa ya maumivu, takoni. Sindano ya msuli hufanya damu ivujie ndani ya nyama; dikilofenaki, aspirini na ibuprofeni huzidisha kuvuja. Goti likivimba, lipumzishwe, liwekewe barafu ndani ya kitambaa, apewe paracetamol, na safari ya hospitali ianze siku hiyohiyo.

Wazazi wa Bungoma na Kakamega mnaosubiri tohara ya Agosti: mvulana anayevuja damu ovyo, au aliye na mjomba wa hivyo, apimwe kabla ya kisu, hata kama ngariba anajisifu ana dawa ya kukausha.