Jibu: Simu zinakamata waifai ya kompyuta lakini intaneti haipatikani

Habari, ndugu. Umeeleza kwamba kompyuta yako ya Windows 10, uliyoichomeka modemu, inarusha waifai hapo nyumbani Chikongola na simu zinaunganika, ila hazifungui ukurasa wowote. Nami nilihangaishwa na jambo hilohilo hapa Shangani.

Kabla ya kufuta chochote, tazama anwani ya IP kwenye simu, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao. Ikianza na 192.168.137, basi waifai yenyewe ni nzima na kasoro ipo kwenye ugawaji wa intaneti. Rudi kwenye mpangilio wa Mobile hotspot, yaani sehemu ya Windows ya kurushia waifai, uangalie ni muunganisho upi unaogawiwa, kwa maana kwangu palikuwa pamechaguliwa Ethernet, yaani waya ambao haukuchomekwa popote, na nilipochagua modemu simu zilifunguka papo hapo. Anwani isipoanza hivyo, zima kisha uwashe upya huduma ya Internet Connection Sharing, yaani ile ya Windows inayogawa intaneti kwa vifaa vingine.

Izuie pia kompyuta isilale, kwani ikilala kila kitu hukatika, na vifaa visizidi 8. Yangu huiweka karibu na mlango wa ukumbini, kwa kuwa kuta za matofali ya saruji hunyonya mawimbi vibaya sana.