Jibu: Kwa nini Hendrix bado anapendwa Nairobi?
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini sisi wapenzi wa roki hapa Nairobi bado tunamhusudu Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki London mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 27. Kwangu mimi, jibu limo mikononi mwake: alipiga kwa mkono wa kushoto gitaa la Stratocaster lililoundwa kwa mkono wa kulia, akiligeuza na kulifunga nyuzi upya, na kwa kidole gumba akabana nyuzi nzito huku vidole vingine vikiupamba wimbo. Masikio yaliyolelewa na benga, ambamo gitaa ndilo linaloongoza, hayawezi kulipuuza jambo hilo. Anza na rekodi ya tamasha la muziki la Woodstock, Marekani, la Agosti 1969, alipoupiga wimbo wa taifa la Marekani. Sikiliza gitaa linavyoiga milipuko ya mabomu.