Mkate ukilala, gawaneni hasara

Dada, umeuliza kwa nini wenye maduka wanachukua kwako mikate kumi tu ilhali jioni wateja wanaikosa. Wanapiga hesabu. Kwa bei ulizotaja, mwenye duka ananunua mkate kwako 1,000 na kuuza 1,200: mkate ukiuzika anapata 200, ukilala anapoteza 1,000. Hata mimi ningeagiza kidogo. Lakini wewe, kuoka mkate mmoja kunakugharimu 700 tu, kwa hiyo mkate mmoja ukiuzika unawaletea nyote wawili 500.

Mwahidi kumrudishia 700 kwa kila mkate uliolala. Hasara yake itashuka hadi 300, ataagiza bila woga. Usirudishe 1,000 yote, atajaza kabati bila kufikiri. Na iliyobaki ihesabiwe asubuhi mbele yake, asaini daftari.

Wengine hugawana mapato. Mwaka 1998 huko Marekani, Blockbuster, kampuni ya maduka ya kukodisha filamu, ilianza kulipa takriban dola 8 kwa kanda ya video badala ya 65, ikawapa wenye filamu fungu la pesa za kukodisha. Kanda zikaongezeka madukani. Ila hapo lazima uone mauzo ya mwenzako, na kwa duka la mtaani hilo ni vigumu. Anza na kurudisha, duka moja kwanza.