Maswali na majibu: Gobore la babu si tupu

Barua za safari hii ni nyingi na nusu yake zinauliza jambo moja. Walioandika kuuliza gobore, ile bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kwenye mdomo wa mtutu, linauzwa bei gani wasisubiri jibu.

Shikamoo mzee. Hivi gobore nalo linahitaji kibali, au kwa vile ni la kufukuzia nyani tu halihesabiwi? – Mkulima, Liwale

Marahaba. Linahitaji. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina habari na nyani wako. Swali hili nimeshalijibu hapa sijui mara ngapi, na kila anayefuata huanza na "nasikia". Umesikia kwa nani? Nenda polisi wilayani ukaulize, waache wazee wa kijiweni na bao lao. Na ukishapata kibali cha kumiliki, usidhani umepata na cha kuwinda. Hicho ni kingine, na ofisi yake nyingine.

Babu yetu alifariki 2009. Gobore lake limetundikwa sebuleni juu ya picha yake, halijapigwa tangu hapo. Watoto hulishusha wakachezea vita. Baruti ya miaka yote hiyo si imeshakufa? – Mjukuu, Nachingwea

Acha kusoma kwanza. Nenda kawatoe watoto, funga mlango, halafu urudi.

Baruti nyeusi haifi kama betri. Ni shura, salfa na mkaa. Ikilowa inalala, ikikauka inaamka. Mwaka 2008 huko Virginia, Marekani, mkusanyaji wa vitu vya kale aliuawa nyumbani kwake na kombora la mzinga alilokuwa akilisafisha. Lilikuwa la vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha 1865. Ukilinganisha na hilo, baruti ya babu yako ni ya juzi.

Na wazee wetu walikuwa na tabia ya kulitundika likiwa limeshindiliwa, maana nguruwe akiingia kwenye mihogo hasubiri mtu apime baruti. Walitoa fataki, kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti, wakahesabu wamemaliza. Nilipokuwa kazini Idara ya Wanyamapori niliitwa kwenye nyumba moja kuangalia gobore kama hilo. Mwenye nyumba akaapa kwa mama yake kwamba ni tupu. Nikatumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu mpaka ukagoma, nikaweka ukucha wa dole gumba pale kwenye mdomo wa mtutu, nikauchomoa na kuulaza ubavuni mwa mtutu kwa nje. Kama ni tupu, ncha inafika usawa wa tundu la moto. Ilikomea vidole vinne kabla. Vidole vinne hivyo vilikuwa baruti, tambara, vipande vya nondo, na tambara jingine juu yake. Mke wake alikuwa analitumia kuanikia kanga.

Nakueleza hayo uelewe, si ufanye. Usilichokonoe. Usilipige "ili kulimaliza", kwa sababu mtutu ulioliwa na kutu miaka yote hiyo unaweza kupasukia usoni pako. Waite polisi waje, na uwaambie mapema kwamba huenda limeshindiliwa. Usilibebe kwenye bodaboda. Na jambo ambalo hukuuliza: kibali cha babu hakirithiwi kama shamba, hivyo hapo ulipo unamiliki silaha bila kibali. Serikali imeshatangaza msamaha wa kusalimisha silaha zaidi ya mara moja, na ninyi mlikuwa mnasikiliza mpira.

Naweza kuvunja risasi za shotgun nikatumia baruti yake kwenye gobore? – Bila jina

Hapana. Ile haina moshi na haina huruma. Mgandamizo wake unapita mbali uwezo wa mtutu uliotengenezwa kwa baruti nyeusi. Wote niliowaona wamejaribu wana mkono mmoja mzuri.

Nilishindilia, nikaitwa kula, niliporudi nikashindilia tena. Limenipiga bega nusura livunjike. Mke wangu anasema mimi peke yangu ndiye mzembe wa hivyo duniani. – Handeni

Shemeji amekosea kidogo. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, ziliokotwa bunduki 27,574 uwanjani. Walipozikagua wakakuta takriban 24,000 zina baruti na risasi ndani, na karibu nusu ya hizo zimeshindiliwa mara mbili. Moja ilikuwa na mashindilio 23. Hao walikuwa askari waliofundishwa, ila makelele na woga viliwafanya wasijue kama iliyolia ni yao au ya jirani.

Kwako hapakuwa na vita, palikuwa na ugali. Chora alama mbili kwenye mdeki: ya kwanza gobore likiwa tupu, ya pili likiwa na kiasi chake kimoja. Uchungulie kila unapoanza. Alama ya pili ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, kuna zaidi ya kiasi kimoja, au risasi haijakaa juu ya baruti. Hilo la pili ni baya vilevile. Pengo likibaki kati, mtutu huvimba au hupasuka.

Na lisipolia ulipofyatua, liache limeelekea mbele, uhesabu taratibu mpaka dakika ipite na zaidi. Moto wakati mwingine hutambaa. Anayegeuza mdomo wa mtutu kuuchungulia hana haja ya kuniandikia.

Nipo Pennsylvania kikazi. Wazungu hapa baada ya Krismasi wanaingia msituni na bunduki za gumegume, wakati dukani zipo za kisasa. Wanatafuta nini? – Mtanzania ughaibuni

Wanatafuta ugumu. Jimbo hilo lina msimu wa kulungu wa gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe, tangu 1974. Wako na risasi moja, jiwe moja, na mvua ikinyesha baruti ya kwenye kisahani inageuka uji. Mtu aliyeshiba anaona raha. Mimi pia nakiri naipenda: ile "chwaa" ya jiwe kwenye chuma, kisha moto kisahanini, kisha kishindo, halafu wingu jeupe linalokufichia mnyama mpaka upepo ulipeleke. Ndani ya moshi ule unasubiri kujua kama umepata. Harufu yake ni ya mayai viza, na mkono unabaki mweusi.

Lakini mwenzangu, raha hiyo ina msingi. Wana mitutu iliyopimwa, baruti ya kiwandani na kulungu ambaye akijeruhiwa anakimbia. Huku kwetu mtu anachukua bomba la maji, anachonga kitako cha mninga, halafu anamfuata nyati. Nyati akijeruhiwa harudi nyuma, na kushindilia upya kunataka nusu dakika, mikono ikiwa haitetemeki.

Ni kweli Maji Maji tulishindwa kwa sababu ya magobore? – Mwanafunzi, Songea

Una mtihani, nakuona. Magobore yalichangia, ila mwalimu wako akuulize swali la kabla ya hapo: kwa nini mwaka 1905 babu zetu walikuwa bado nayo, wakati Ulaya ilishayatupa? Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels yakatia saini mkataba, kwa jina la kukomesha biashara ya utumwa. Humo wakazuia silaha kuingizwa Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila wakaacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida. Za kisasa wakabaki nazo wenyewe. Kwa hiyo walipofika Mahenge, Agosti 1905, wapiganaji wetu walikuwa na mikuki na magobore, na Wajerumani upande wa pili walikuwa na bombomu, yaani bunduki za mashine. Gobore kwa mtu hodari hutoa milio miwili au mitatu kwa dakika, bombomu mamia.

Usisahau lakini kwamba Wahehe walimmaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo, Agosti 1891, na kazi kubwa ilifanywa na mikuki, ndani ya dakika chache. Waliwavizia Wajerumani kichakani kabla hawajajipanga. Andika hivyo, upate maksi.

Nasafisha kwa mafuta ya taa lakini kutu haikomi. – Tunduru

Masizi ya baruti nyeusi ni chumvichumvi, yanavuta unyevu, na mafuta ya taa hayayayeyushi. Maji ya moto na sabuni, siku hiyohiyo, kausha mpaka ndani kabisa, ndipo upake mafuta.

Nifundishe kutengeneza baruti. – Wengi

Hapana.

Mtalii ameona gobore letu la ukoo anataka kulinunua kwa dola. Niuze? – Bagamoyo

Silaha haiuzwi mkononi, kwa dola wala shilingi, na yeye uwanja wa ndege hatapita nalo; atakapoulizwa kalitoa wapi atakutaja wewe. Akitaka kumbukumbu, mwambie apige picha. Kabla hajalishika, ulizia kwanza kama mzee aliyelitundika alilitoa kiasi chake.