Taa ya Kabati la Nguo Ikae Mbele, Isikae Nyuma

Jumapili moja nilikwenda kanisani na koti jeusi na suruali ya bluu iliyokolea, nikidhani nimevaa suti. Nilijua kosa langu nilipotoka nje, na jua la Kisumu saa tano halimfichi mtu. Hapo nikaamua kabati letu lazima lipate taa.

Kabati lenyewe ni la mbao, tulichongewa sokoni Kibuye. Balbu ya chumba inawaka vizuri, lakini iko katikati ya dari. Ukisimama mbele ya kabati unaipa mgongo, na kivuli chako mwenyewe ndicho kinachozifunika nguo. Nilikuwa nikitafuta soksi huku nimeng'ata simu yenye tochi.

Jaribio la kwanza ni la aibu. Nilivuta waya wa ekstensheni, nikafunga holda juu ya rafu na balbu ya kizamani ya wati 60. Wiki mbili baadaye mke wangu akauliza kutoka sebuleni, "Baba watoto, umeacha pasi?" Hakukuwa na pasi. Blanketi la rafuni lilikuwa limeteleza likagusa balbu, na tayari lilikuwa na duara la kahawia, ukubwa wa kifuniko cha soda. Kwenye balbu za aina hiyo karibu asilimia 90 ya stima huishia kuwa joto, sasa fikiria joto hilo limefungiwa na sweta na shuka. Blanketi bado tunalo. Lile duara hulala upande wa miguu.

Jaribio la pili lilikuwa taa za LED za utepe, zile mafundi huita stripu, za volti 12. Nikazibandika ukuta wa nyuma wa kabati, zikapendeza sana kabati likiwa tupu. Niliporudisha nguo, mwanga wote ukaishia kwenye migongo ya mashati. Ndipo nikazihamishia mbele: ndani ya fremu ya mlango, wima pande zote mbili, zikitazama nyuma. Ukiweka juu peke yake, rafu ya kwanza inazuia mwanga na viatu vya chini vinabaki gizani.

Gundi ya stripu usiiamini. Joto letu liliilegeza, nikafungua mlango nikakuta utepe unaning'inia kama nyoka. Nunua chaneli ya alumini, ifunge kwa skrubu, utepe ukae ndani yake. Alumini pia inazipunguzia taa joto. Ukikata, kata kwenye alama ya mkasi tu, la sivyo kipande ulichokatiza hakiwaki.

Adapta, ile inayoshusha stima ya ukutani hadi volti 12, hupigiwa hesabu. Pakiti yangu iliandikwa wati 4.8 kwa mita. Mita 3 ni wati 14.4, gawanya kwa volti 12 unapata ampea 1.2. Nilichukua ya ampea 2. Ya ampea 1 ingechemka. Nayo ikae nje ya kabati, penye hewa.

Kuhusu rangi, wauzaji wengi watakupa nyeupe kali ya kelvini 6500. Kataa. Tafuta 4000, na uangalie kama pakiti imeandikwa CRI, yaani kipimo cha uhalisi wa rangi, 90 au zaidi. Hiyo ndiyo inayoonyesha rangi ya kitambaa ilivyo. Chini ya taa hizo suruali yangu ya bluu haiwezi tena kujifanya nyeusi.

Swichi niliyoipenda ni ya sumaku: mlango ukifunguka taa inawaka, ukifungwa inazima. Sensa ya mwendo niliijaribu. Inahisi tofauti ya joto la mwili na la chumba, na mchana wa Februari hapa tofauti hiyo ni ndogo, unapunga mkono kama anayesimamisha matatu.

Ukiwa umepanga na mwenye nyumba hataki matundu, zipo taa za kuchaji zinazoshikwa kwa sumaku. Hizo hata stima ikipotea zinawaka, ila ukumbuke kuzichaji. Na ukitaka waya wa volti 240 upite ukutani hadi kabatini, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Mimi huko sikugusa. Adapta yangu inaingia kwenye soketi ya kawaida kando ya kitanda.