Mafuta ya ganda la korosho yanashika protini gani?

SWALI: Tumetenga asidi ya anakadi kutoka maganda ya korosho, na inaua seli za saratani tunazokuza maabara. Tutajuaje imeshika protini ipi? Hatuwezi kuipachika kwenye shanga za kunasia protini. – Msomaji, Newala

JIBU: Je, maganda yalikaangwa? Moto mkali huiondolea asidi hiyo kaboni dayoksaidi, ikabaki kadanoli. Kamueni kwa kiyeyushi, bila moto, kisha tieni hidroksidi ya kalsiamu: asidi itashuka kama chumvi, kadanoli itabaki kwenye kiyeyushi.

Pili, wabanguaji wanajua mafuta haya yanavyobabua vidole. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta wenye kaboni 15, yaani ni kama sabuni. Pimeni LDH, kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli, kwenye maji ya kukuzia seli. Ikivuja mapema, dakika chache tu baada ya kutia asidi, utando wa seli umetobolewa. Punguzeni dozi kabla ya kusaka protini yoyote.

Shanga zisiwasumbue. Tumieni kipimo cha joto (CETSA), kilichochapishwa 2013. Protini huganda kwa moto kama ute wa yai, na iliyoshikwa na dawa mara nyingi hukawia kuganda. Fungu moja la seli litieni asidi, jingine DMSO tupu (kiyeyushi kinachobeba asidi) kwa ujazo uleule, usiozidi asilimia 0.5. Baada ya saa 1 osheni, gawanyeni kwenye vichupa, kila kimoja kipate joto lake kati ya nyuzi 37 na 67 kwa dakika 3 ndani ya mashine ya PCR, inayodhibiti joto la vichupa. Gandisheni kwa nitrojeni kimiminika na kuyeyusha mara 3 ili seli zipasuke, kisha zungusheni kwa 20,000 g, dakika 20, nyuzi 4. Chukueni maji ya juu tu. Ncha ya pipeti ikigusa mashapo, protini iliyoganda itaonekana kama imepona.

Pimeni protini iliyobaki humo kwa kingamwili inayoitambua. Mwaka 2003 iliripotiwa kuwa asidi hii huzuia vimeng'enya p300 na PCAF. Anzeni na PCAF; p300 ina takriban kilodaltoni 300 na ni mkaidi kuhama kutoka kwenye jeli. Zote zisiposogea, yaani zikiganda kwenye joto lilelile kwa asidi au bila asidi, sampuli ziende kwenye spektrometa ya masi, inayopima protini nyingi kwa mpigo. Protini nyingi zikisogea kwa pamoja, ni ile sabuni tena.

Mkimpata mshukiwa, rudieni na kimeng'enya kilichosafishwa, mkiongeza Triton X-100 (sabuni ya maabara inayovunja mabonge) asilimia 0.01. Kizuizi kikitoweka, kilichokuwa kikizuia ni mabonge ya asidi.